Mnara Usio na Wenyewe

Wako wasemao kuwa sanaa mahali pa hadhara ni anasa ya miji mikubwa, na kwamba Kasulu, yenye haja ya maji, barabara na zahanati, haina nafasi ya anasa hiyo. Neno hili lina sura ya huruma, lakini ndani yake mna dharau. Binadamu hanywi maji tu. Hukumbuka, huomboleza na hujivuna, na hayo hutaka mahali pa kufanyiwa mbele ya wenzake.

Wako wengine waikubalio sanaa, ila wataka iletwe ikiwa tayari. Madhara ya njia hiyo yaonekana Dar es Salaam. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni kazi ya James Alexander Stevenson wa Uingereza. Maandishi yake yawataja wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita vya 1914–1918. Lakini aliyesimama juu ya nguzo ni askari peke yake na bunduki yake. Laiti wajane wa wapagazi wangaliulizwa, je, wangalichagua bunduki?

Kasulu ina mambo yake ya kukumbuka. Waha walifua chuma kabla ya kuja wakoloni. Baadaye wanaume wao walikwenda kukata mkonge pwani, wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alihesabiwa kwa namba badala ya jina. Kisha nchi hiyo iliyotoa watu ikapokea watu: kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na tangu 2015 ikapokea Warundi, ambao lugha yao na Kiha ni ndugu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mgeni na mwenyeji watapata wapi kivuli kimoja cha kuketi chini yake?

Basi kazi ipasayo si sanamu ya saruji ya mtu mkubwa. Ni banda la kivuli penye soko au stendi, nguzo zake zimechongwa majina ya waliokwenda mkonge, chuma chake kimefuliwa na wahunzi wa hapo, ukuta wake umechorwa na vijana wa vijijini pamoja na wa kambini. Msanifu na aje, lakini aulize kabla ya kupima.

Itajibiwa kuwa watu wa kawaida hawaujui uzuri. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: auzaye ndizi juani tangu alfajiri ajua kivuli kianguke wapi na kwa saa gani, na ujuzi huo ndio mwanzo wa uzuri wa jengo. Kazi iliyoamuliwa ofisini hungoja mlinzi wa kulipwa. Kazi iliyoamuliwa na watumiaji wake hulindwa na kila apitaye. Anayewanyima watu wa Kasulu uamuzi huo awarudishia ile namba ya mkonge, hata kama ameipaka rangi nzuri.