Kitabu Kinachochuja

Wenzangu tunaoandika tuna methali moja tunaipenda mno. Mwambie mmoja wetu kwamba jalada la kitabu chake ni baya, atakurukia hapo hapo: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Basi, kwisha maneno. Anaona amekushinda, anarudi kijiweni kungoja wasomaji. Wasomaji hawaji. Ndipo anaanza kulaumu: Watanzania hawasomi, vijana wanajua mpira tu, Kiswahili hakiuzi.

Mimi nasema huo ni uongo, na leo nataka tugombane.

Twendeni kwanza Kariakoo, kwenye maduka ya khanga. Mtazame mama anavyonunua. Hakimbilii kusoma jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Anaikunjua doti, anatazama kama pindo lina upana sawa, kama mji umekaa katikati. Anageuza upande wa pili aone rangi imepenya kiasi gani. Mwingine analowesha kidole kwa mate, anasugua pembeni. Rangi ikitoka, anairudisha mezani. "Hii itachuja, baba." Jina baadaye. Liwe jina kali kiasi gani, liwe limemlenga kabisa yule jirani wa uani, khanga ikichuja atakayeaibika ni aliyeivaa. Ndiyo maana watu wa pwani walijifunza kutafuta alama. Khanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zinajulikana kwa yale maandishi madogo, "Mali ya Abdulla", na mnunuzi mjuzi huyatafuta hayo madogo kabla ya kuhangaika na makubwa.

Sasa niambieni: khanga ni maandishi yaliyochapwa, yanauzwa. Kitabu je?

Au tuchukue fulana, maana hapo vijana hamna la kubisha. Kuna fulana mpya za bure, zile za kampeni na matamasha. Ukiifua mara mbili, picha ya kifuani inapasuka kama tope la kiangazi, mara ya tatu inabanduka. Na kuna fulana ya mtumba, imevaliwa na Mzungu miaka mingapi sijui, chapa yake bado inang'aa. Ya bure tunadekia, ya mtumba tunavaa kwenda disko. Hakuna uchawi hapo. Ule wino mzito wa fulana, wenye asili ya plastiki, unatakiwa uivishwe kwa joto la nyuzi 160 hivi mpaka ushikane na kitambaa. Mtu mwenye haraka anaupitisha juu juu, anakunja, anapeleka. Wino haukuiva. Na mvaaji hasemi wino haukuiva. Anasema, "Hawa jamaa ni wababaishaji," akimaanisha wale ambao jina lao limeandikwa kifuani.

Na sisi tunahukumiwa hivyo hivyo. Kwenye jalada la rangi, kila picha inajengwa kwa nukta ndogo ndogo za rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kila rangi ina pleti yake. Pleti moja ikihama milimita moja tu, mrembo wa jaladani anaota midomo miwili. Msomaji akimwona huyo mrembo hasemi pleti imehama. Anasema riwaya ya Kiswahili ndivyo ilivyo. Hapo hujaandika sentensi moja ya kujitetea.

Nina hadithi yangu fupi ndani ya mkusanyiko mmoja. Mchapishaji simtaji, anajijua. Kitabu hukunjwa kwa mafungu, aghalabu ya kurasa 16. Katika nakala nilizopewa, fungu la pili limeingia mara mbili na la tatu halimo kabisa: unafika ukurasa wa 32, unarudi wa 17, kisha unaruka hadi wa 49. Muuaji wangu anakamatwa kabla hajaua. Wino umekolea ukurasa huu, ukurasa wa pili umefifia kama chai ya hosteli, na maneno ya mwisho wa mstari yamezama kwenye mgongo wa kitabu. Nilipeleka nakala tano kwa muuza vitabu wa pembeni mwa barabara kule Posta. Akapekua, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, hii ni kopi?"

Tafakarini swali hilo, jamani. Tunalia kila siku juu ya wezi wa kazi, wanaotoa fotokopi usiku na kuuza asubuhi. Ni kweli wapo, na ni wezi. Lakini kama kitabu halali kinafanana na cha wizi, mnunuzi atofautishe kwa kitu gani? Kwenye dawa ya meno anatazama boksi: herufi zimepinda, rangi imepauka, anajua ni feki. Kwenye vitabu vyetu tumemnyang'anya hata jicho hilo. Tumewachapia wezi sare.

Najua mtakalosema. Mbona Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965 na ikasomwa? Mbona Willy Gamba wa Elvis Musiba alisomwa mpaka kurasa zikalegea? Naam, na mimi nimezisoma hivyo hivyo, nyingine bila jalada. Lakini msomaji wa siku zile hakuwa na simu mfukoni yenye kioo kinachomwonyesha picha safi kutwa nzima, wala sidhani kama pale chini kwenye turubai alipanga Musiba kando ya riwaya za Kiingereza zenye herufi zilizoinuka. Leo vimelala bega kwa bega. Kazi za wazee zilikuwa na nguvu ya kushinda chapa mbaya. Wewe na mimi tuna uhakika gani kwamba tunayo?

La pili mtasema hela. Karatasi ghali, wino ghali, tutawezaje? Hapa ndipo wachapishaji wanapotufunga midomo, na hapa ndipo pa kuwabana. Kitabu rahisi si lazima kiwe kichafu. Mwaka 1935, kule Uingereza, Allen Lane alianza kuuza vitabu vya Penguin kwa peni sita, bei ya pakiti ya sigara. Jalada halikuwa hata na picha ya kusimulia hadithi. Lilikuwa na mabano matatu ya rangi, machungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi, na kindege kilichochorwa na kijana wa miaka 21, Edward Young, baada ya kutumwa bustani ya wanyama ya London. Mwaka 1947 wakamleta Jan Tschichold, Mjerumani aliyekuwa amewakimbia Wanazi akahamia Uswisi. Huyo hakuongeza dhahabu. Aliandika kurasa nne za kanuni: nafasi kati ya neno na neno iweje, baada ya nukta iweje, herufi kubwa ziachane kiasi gani. Kurasa nne! Nafasi tupu inauzwa duka gani? Heinemann walipoanza mfululizo wao wa waandishi wa Afrika mwaka 1962, nao wakashika rangi ya machungwa, na kijana akiona mgongo ule kwenye rafu ya maktaba alijua kabla ya kusoma jina kwamba hapa kuna Achebe au Ngugi au mwenzao.

Kwa hiyo si hela peke yake. Ni mtu wa kiwanda aliyeona pleti imehama akasema twende tu, mhariri aliyeona na kunyamaza, na mwandishi aliyefurahi kuona jina lake mpaka akasahau kutazama kitu kingine. Wengine nao wanakimbilia upande wa pili: herufi za dhahabu, plastiki inayong'aa, picha ya msichana wa Kizungu iliyookotwa kwenye intaneti na kuvutwa mpaka ikawa ukungu. Huo sasa ndio mkakasi wenyewe, na methali yenu ipelekeni huko.

Mimi nina muswada wa riwaya, umefika sura ya kumi na moja. Mchapishaji atakayeutaka namkaribisha, ila kabla hatujazungumza asilimia ataniletea vitu vitatu mezani: kipande cha karatasi atakayotumia, kitabu alichokitoa miaka mitano iliyopita nione kama gundi bado imeshika, na ahadi ya maandishi kwamba nitaiona nakala ya kwanza mtamboni, nikiwa nimesimama pale pale, kabla hazijachapwa nyingine.