Mashua Mabegani

Ndugu vijana, sisi wa Lubero tumezoea kuuona mtumbwi ukimbeba mtu juu ya Ziwa Edouard. Katika msitu wa Ituri, kaskazini mwa kwetu, mwaka 1887 watu ndio walioibeba mashua. Stanley, akienda kumtafuta Emin Pasha, alikuwa na mashua ya chuma iitwayo Advance, yenye vipande 12, kila kimoja kikiwa na uzito wa kilo 34 hivi. Mtoni ilielea, penye maporomoko wapagazi waliotoka Zanzibar waliichukua mabegani. Njaa ilipowalegeza, ikaachwa nyuma. Basi Desemba wakafika Ziwa Albert bila chombo, wakageuka kurudi msituni! Aprili 1888 ndipo iliposhushwa ziwani.

Jina la mashua limehifadhiwa vitabuni. Majina ya walioibeba, ukimtoa Uledi aliyeshika usukani na wenzake wachache, hatuyajui. Sisi twaona hiyo ni dhuluma, nayo haijakoma: hata katika matembezi ya vikundi vyetu, ripoti humtaja msemaji, wala haimtaji aliyepandisha sufuria mlimani. Ripoti ijayo ianze na huyo.