Ugonjwa wa Mtoto Haungoji Zamu

Si desturi ya ukurasa huu kusema habari za tiba. Mara nyingi twaandika juu ya mishahara, nyumba, likizo na vyeo, nayo ni mambo yatupasayo. Lakini safari hii twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya watoto wagonjwa na juu ya vijana wanaojifunza udaktari. Kwa maana tumekuja kuona ya kuwa shauri hili ni letu pia, sisi watu wa kalamu, na pengine ni letu kuliko tulivyodhani.

Kila mwaka vijana wetu hutoka vyuoni, wakiisha kusoma udaktari miaka 5, huja hospitali kufanya kazi mwaka mzima chini ya macho ya madaktari wazoefu, kabla ya kupewa ruhusa kamili ya kutibu. Mmoja wao alikuwa jirani yangu hapa mjini Morogoro. Jioni moja, tulipokuwa tukizungumza barazani, aliniambia maneno haya: "Kaka, chuoni nilifundishwa magonjwa ya watoto kwa majina ya vitabuni. Hapa kina mama wananifundisha majina mengine, na mtihani wao ni mgumu zaidi."

Nilimwuliza maana yake. Akasema kwamba katika mwezi wake wa kwanza wodini alikuwa akimwuliza mama, "Mtoto ana malaria?" Naye mama hujibu, "La, hana malaria." Usiku ule ule mtoto hukaza mwili, hugeuza macho na kutoka povu; na damu yake ikipimwa, huonekana imejaa vijidudu vya malaria. Kwanza kijana huyu alikasirika, akidhani kwamba kina mama wamficha habari. Baadaye akafahamu ya kuwa hawakusema uongo. Kwa watu wengi wa pwani na wa mkoa wetu, malaria ni homa inayojulikana, ambayo dawa yake ni ya hospitali. Degedege ni jambo jingine: ni ugonjwa wa dege, ndege mkubwa wa usiku, ambaye kivuli chake kikimpitia mtoto, mtoto hustuka na kutetemeka. Basi aliyeulizwa juu ya malaria alijibu juu ya malaria.

Tena, wako wengi wanaoamini ya kuwa mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Kwa hiyo hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, akafukizwa moshi na kuogeshwa dawa za majani, na hospitali hungoja mpaka degedege litulie. Ni rahisi kwetu sisi tuliosoma kucheka. Lakini tufikiri kidogo. Mtoto huugua siku ya kwanza, hupelekwa kwa mganga siku ya pili, na siku ya tatu huletwa hospitali akiwa hajitambui. Hupigwa sindano, na saa ile ile hufa. Watu wa kijiji wameona nini kwa macho yao? Wameona sindano, kisha wameona kifo. Hesabu yao si ya wajinga. Ni hesabu iliyoanzia katikati. Na njia ya kuisahihisha ni kuwaonyesha watoto walioletwa mapema, wakapigwa sindano, wakarudi nyumbani kwa miguu yao.

Daktari mwanafunzi hujifunza ya kuwa nyuma ya neno hili moja yamejificha magonjwa kadha wa kadha. Pengine ni joto la homa tu, ambalo humtetemesha mtoto wa umri wa miezi 6 hata miaka 5, nalo mara nyingi hupita bila kuacha alama. Pengine ni malaria iliyopanda ubongoni. Pengine ni homa ya uti wa mgongo. Pengine ni upungufu wa sukari katika damu, ambao huua upesi, na dawa yake ni sukari yenyewe. Kwa hiyo hufundishwa kumlaza mtoto kwa ubavu, asimtie kijiko wala kidole kinywani, aangalie kama anapumua, na apime sukari yake mara moja. Kisha ndipo huja sindano iliyoogopwa. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100. Waliotibiwa kwa sindano ya atesuneti walikufa kati ya 8 na 9. Hata dawa iliyo bora haikuwaokoa wote, na hiyo ndiyo sababu ya kuwahimiza watu waje mapema.

Pamoja na majina, kijana huyu alijifunza habari za nchi yetu. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 juu ya bahari, na kilele cha Kimhandu katika milima ya Uluguru chapita mita 2,600. Huko juu Mgeta na Nyandira, ambako kabichi na viazi hustawi kwa baridi, mbu wa malaria ni wachache, na vijidudu havikui upesi ndani yao. Bondeni, kwenye maji ya Ruvu na Ngerengere, sivyo ilivyo. Mtoto aliyelelewa mlimani mwili wake haujazoea kupigana na malaria. Akitelemka na mama yake kuwazuru ndugu bondeni, akaumwa na mbu huko, aweza kuugua vikali kuliko watoto wenyeji. Na kwa kuwa homa huanza baada ya siku kadhaa, huenda akaugua akiisha kurudi mlimani, mahali ambapo hakuna aidhaniaye malaria. Kwa hiyo sasa humwuliza kila mama, "Mwatoka wapi, na majuma mawili haya mmelala wapi?" Swali hili la mahali, ndugu zangu, ni swali letu. Sisi ndio tuandikao mahali akaapo mgonjwa, na mara nyingi twaandika "Morogoro" tu, kwa sababu ni neno fupi.

Yako majina mengine yenye uchungu zaidi. Mtoto akikonda, akavimba miguu na nywele zake zikabadilika rangi, majirani husema, "Amebemendwa". Yaani baba au mama hakushika mwiko wa kitanda wakati wa kunyonyesha. Jina hilo ni shitaka. Mama anayeogopa kushitakiwa humfunika mtoto wake nguo, akabaki naye ndani, hata siku ambayo hakuna tena la kuficha. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini hawakusema ya kuwa maficho mengine hujengwa na sisi majirani kwa ndimi zetu.

Hapo yafaa tumkumbuke Daktari Cicely Williams, mwanamke mzaliwa wa Jamaika, aliyefanya kazi kwa watoto katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1933 aliandika juu ya ugonjwa huu wa kuvimba, akasema ya kuwa watokana na chakula kisicho kamili. Wakubwa wa tiba wa siku zile walimpinga, wakadai ya kuwa ni ugonjwa mwingine uliokwisha kujulikana. Mwaka 1935 aliandika tena, na safari hii alitumia jina alilolisikia kwa watu wa kabila la Waga: kwashiakoo, kama tulitamkavyo sisi, ambalo maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Jina lile lilikuwa na habari yote ndani yake: mtoto ameachishwa ziwa, na badala ya maziwa amepewa uji mtupu. Leo jina hilo laandikwa katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Daktari yule alilipata kwa kusikiliza.

Sasa, Ndugu Wanachama, na niseme neno la aibu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa dirishani katika hospitali moja, ambayo haina haja ya kutajwa, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Ilikuwa Jumatatu ya masika, na watu walikuwa wengi. Mama mmoja aliyetelemka mlimani tangu alfajiri alifika dirishani, mtoto mgongoni, amefunikwa khanga hata usoni. Nikamwuliza, "Mtoto ana nini, mama?" Akajibu, "Homa tu, baba." Nikaandika "homa", nikamwonyesha mwisho wa mstari. Sikuinuka kitini, wala sikumwomba afunue khanga nimwone mtoto. Karibu nusu saa baadaye nikasikia kilio. Daktari mwanafunzi mmoja alitoka mbio, akampokea mtoto mikononi, akaingia naye ndani bila cheti. Nakumbuka ya kuwa nilimwita arudi achukue cheti.

Mama yule alisema "homa tu" kwa sababu aliogopa sindano. Nami nilipenda jibu lake kwa sababu lilikuwa fupi. Mtoto alipona, lakini mguu wake wa kushoto ulibaki mzito, naye alijifunza kutembea upya. Daktari hakuniambia ya kuwa ni kwa sababu ya nusu saa ile, nami sikumwuliza mpaka leo.

Nilipomweleza jirani yangu habari hii, hakunilaumu. Aliniletea kitabu cha mafundisho kilichotolewa mwaka 2005 na Shirika la Afya Duniani, kiongozacho jinsi ya kuwachagua watoto walio hatarini mara wafikapo hospitali. Humo imeandikwa wazi ya kuwa si madaktari na wauguzi peke yao wapaswao kufundishwa dalili za hatari, bali hata walinzi wa mlangoni, makarani wa kumbukumbu na wafagiaji, kwa kuwa wao ndio wamwonao mtoto kwanza. Nilistaajabu kukiona cheo chetu katika kitabu cha madaktari. Akaniambia pia habari za hospitali kuu ya Blantyre, nchi ya Malawi, ambako utaratibu wa namna hii uliwekwa. Kabla yake, katika kila watoto 100 waliolazwa walikufa kati ya 10 na 18. Baadaye, kama ilivyoandikwa mwaka 2006, walikufa kati ya 6 na 8.

Basi twashauri mambo matatu, na yote hayahitaji fedha.

Kwanza, macho. Karani amwangalie kila mtoto kabla ya kuuliza jina lake. Mtoto apumuaye kwa shida. Mtoto ambaye mikono yake ni baridi naye amelegea. Mtoto asiyeamka akiitwa. Mtoto atetemekaye kwa degedege. Mtoto mwenye kuhara ambaye macho yake yametumbukia ndani, hana nguvu. Hao wote wasisimame katika mstari. Wapelekwe kwa daktari saa ile ile, na cheti kiandikwe baadaye.

Pili, masikio. Mama akisema degedege, au mchango, au amebemendwa, au mtoto amestuka usiku, tuandike neno lake kama alivyolisema. Tusilifasiri kwa elimu yetu ndogo, na zaidi ya yote tusimcheke. Mama aliyechekwa dirishani hatamwambia daktari lolote, na daktari kijana atajifunza ugonjwa huo kwa njia iliyo ghali, yaani kwa maisha ya mtoto.

Tatu, kalamu. Tuandike umri na kijiji sawasawa. Homa ya mtoto wa miezi 2 si homa ya mtoto wa miaka 2. Tukikosea neno moja, tumempeleka mgonjwa katika njia isiyo yake. Na Kinole si Mgeta, wala Matombo si Kihonda.

Labda mwenzetu mmoja atasema: kazi ya daktari ni ya daktari, na kazi ya karani ni ya karani. Twamkumbusha ya kuwa wazee wetu hawakugawanyika hivyo. Daktari Vedasto Kyaruzi, aliyesomea Makerere katika siku ambazo Tanganyika haikuwa na chuo chake cha udaktari, alichaguliwa mwaka 1950 kuwa Rais wa Tanganyika African Association, chama kilichojaa makarani na walimu. Na serikali ya kikoloni ilipotaka kumtenga nacho, ilimhamishia hospitali ya gereza la Kingolwira, hapa hapa karibu nasi. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, na tangu hapo vijana wetu wamesomea nchini mwao. Wanapokuja hospitali zetu hawaji kufundishwa na madaktari wakubwa peke yao. Hufundishwa na wauguzi, na kina mama, na, tukipenda, na sisi.

Kila tawi lenye wanachama wafanyao kazi hospitali au zahanati laombwa kumwendea mganga mkuu wa mahali pake, kwa adabu, na kumwomba saa moja ya kufundishwa dalili hizo. Wanachama watakaokubali kuhudhuria wampe katibu wa tawi majina yao kabla ya mwisho wa mwezi. La kwangu limekwisha kuandikwa.

Mhariri