BARAZA LISILO NA WENYE NCHI

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikuwa limetimiza miaka 13 bila ya kuwa na Mwafrika hata mmoja. Wajumbe wake wote walikuwa wa kuteuliwa.

Hata hivyo, mzigo wa vita uliwaelemea Waafrika. Vijana wetu walipelekwa kupigana Ethiopia, Madagascar na Burma. Wengine walitiwa kwa nguvu katika mashamba ya mkonge na mpira, hasa Wajapani walipokwisha kuiteka Malaya mwaka 1942. Mkoloni alidai kwamba anapigania uhuru wa mataifa. Wenye nchi hawakuulizwa neno.

Machifu wawili wa kwanza, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, waliingia Barazani mwaka 1945, nao kwa kuteuliwa. Kura ya kwanza ilingoja hadi 1958.

Fundisho ni wazi. Sheria hupata heshima pale mbeba mzigo anapokuwa na kauli. Mbunge asiyerudi kwa waliomtuma hulifufua Baraza la Gavana, hata kama ngozi yake ni nyeusi.