Gari Mpya ya Porini: Pesa ya Kwanza Iende Chini, Sio Juu

Wasee, leo tutakosana, na ni sawa.

Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya gari yake mpya. Jimny, Prado, Hilux, Fortuner. Hongera, kweli kabisa, najua hiyo pesa haikuokotwa. Halafu swali linafuata: "Bro, nianze na bampa ya chuma, keria, ama snokeli?"

Jibu langu: usianze na yoyote. Hivyo vitu vyote vinakaa juu ya gari ama mbele yake, pale kamera inaona. Lakini gari ikikwama, shida iko chini. Basi pesa ya kwanza iende chini.

Najua mbona watu wanaanza na vya kuonekana. Wenzangu wa video wamewazoesha hivyo. Hakuna mtu anabonyeza moyo kwa picha ya kipimo cha upepo, lakini taa ndefu ikiwaka usiku kule Magadi, hapo watu wanajaa. Na mwenye duka la vifaa ana kodi ya kulipa, hatakuambia "rudi nyumbani kwanza utembeze gari."

Tuchukue Jimny, kwa sababu ndiyo inaniletea maswali mengi. Ikiwa tupu ina takriban kilo 1,100. Uzito wa mwisho ambao mtengenezaji ameruhusu, na watu na mizigo yote ikiwa ndani, ni kilo 1,435. Piga hesabu. Umebakisha kilo mia tatu na kitu. Watu wanne wazima na mabegi yao, hiyo imeisha. Sasa ongeza bampa ya chuma na winchi, ambavyo pamoja vinaweza kupita kilo 70. Ongeza keria, hema la juu, maji, jerikeni ya mafuta. Unatoka Nairobi ukiwa umepita kipimo, na breki ni zilezile, springi ni zilezile.

Na paa je? Kitabu cha gari kinasema kilo 30. Hema nyingi za juu zinapita kilo 50 kabla hujaweka hata blanketi. Mtu ataniambia, "Lakini tunalala wawili huko juu na haijavunjika." Ndio, gari ikiwa imesimama. Hicho kipimo ni cha gari ikitembea. Na hatari kubwa si paa kuvunjika, ni kona. Gari fupi, nyembamba, imeinuka, halafu wewe umeipakia mzigo kichwani. Siku utakwepa bodaboda kwa ghafla pale mteremko wa Mai Mahiu, uzito wote utataka kuendelea na safari bila wewe.

Bampa ya chuma nayo tuiseme wazi. Wengi wenu gari inashinda Nairobi. Takwimu za NTSA mwaka baada ya mwaka zinaonyesha kwamba wanaokufa zaidi kwenye barabara zetu ni watembea kwa miguu. Sehemu ya mbele ya gari za kisasa imetengenezwa ibonyee kidogo ikimgonga mtu, ipunguze makali. Wewe unaifunika na bomba la chuma lisilobonyea. Ulaya waliwekea hivyo vyuma sheria tangu 2005, na huko hata watembea kwa miguu wana mahali pa kupita. Huku kwetu mama anavuka Thika Road na mtoto mgongoni. Kama unaishi Laikipia ama Marsabit na kila jioni unapishana na ngamia na punda, hapo tunaongea lugha nyingine, hiyo bampa ni kifaa cha kazi. Kama ngamia wa mwisho ulimwona kwa ufuo wa Mombasa akibeba watalii, hiyo ni mapambo, na mapambo hayo yanaweza kuua mtu.

Lakini ile inanikasirisha zaidi ni snokeli.

Snokeli ina kazi moja: inainua mahali injini inavuta hewa. Maji yakiingia kwa silinda hayakubali kubanwa kama hewa, kwa hivyo vyuma vya ndani vinapinda na injini imekwisha. Hiyo ni kweli, na inasaidia pia kwa vumbi. Sasa sikiliza ile haifanyi. Haiongezi uzito wa kushindana na mkondo. Haizuii gari kuelea. Maji yanayokimbia, yakifika sentimita 60 hivi, yanaweza kubeba gari nyingi, hata hizi kubwa za porini.

Desemba 2021, basi liliingia mto Enziu kule Mwingi, mto umefurika, limebeba wanakwaya wakienda harusini. Zaidi ya watu 30 walikufa. Basi zima. Refu na zito kuliko Prado yoyote utakayonunua. Wale watu hawakushindwa na mahali injini inavuta hewa, walishindwa na mto. Sasa wewe na bomba lako la plastiki kando ya kioo unaangalia lugga imejaa na kujiambia, "Yangu iko na snokeli." Hapo kifaa kimekudanganya, kimekupa moyo wa kuingia mahali ambapo bila hicho ungesimama ukangoja maji yapungue.

Haya, "umekataa kila kitu, tununue nini?" Kwa mpangilio huu:

Moja, tairi. Gari inagusa ardhi kwa tairi nne peke yake, kila moja sehemu kama kiganja cha mkono. Tafuta tairi za A/T zenye ubavu mgumu, na usome ubavuni zile namba nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Ukiambiwa "mpya" na zina miaka sita, tembea. Na ile ya spea iwe saizi sawa na zingine.

Mbili, kipimo cha upepo na pampu ya kuchomeka kwa betri. Hii ndiyo siri ya bei rahisi kuliko zote. Kwa mchanga, shusha upepo kutoka psi 30 hivi hadi kama 18. Tairi inalala, inakanyaga eneo kubwa, gari inaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Wengi wanaoita trekta walihitaji tu dakika kumi za kutoa upepo. Pampu ni ya kurudishia kabla ya lami, kwa sababu tairi laini kwa mwendo wa kasi inapata joto na kupasuka.

Tatu, sepetu, vibao viwili vya kujikwamua, na kipande cha mbao nzito cha kuweka chini ya jeki. Jeki kwa udongo mweusi bila mbao inaingia chini kama msumari.

Nne, kamba ya kuvutia na sehemu halali za kuifunga. Wasee, usifunge kamba kwa ule mpira wa chuma wa trela. Ukikatika unaruka kama risasi na umeshaua watu. Winchi itangoja, na hata ukiwa nayo, Chalbi hakuna mti wa kuifungia.

Tano, sanduku la huduma ya kwanza, kizima moto, na lita za maji kuliko unavyodhani.

Sita, macho yako. Kwa Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa Aberdare, mshindi si mwenye kasi. Ni anayepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Na licha ya magari yao ya ajabu, timu zinashusha mtu akimbie mbele kwa miguu asome ardhi. Kama wao wanashuka, wewe ni nani wa kukaa kwa AC? Mto usioweza kuuvuka kwa miguu, usiuvuke na gari. Na kama huwezi kushuka kwa sababu kuna mamba, basi jibu umeshapata.

Nunua hivyo, halafu uende safari tatu. Ukirudi utajua gari yako inakosa nini, na labda itakuwa kweli ni bampa. Utainunua ukiwa na sababu.

Na anayebisha, aje anieleze ni mara ngapi taa ndefu ilimtoa matopeni.