Kabla Hujamwita Mtoto Khaleesi, Maliza Stori Kwanza

Kuna staa mmoja wa Bongo, simtaji, kajifungua na kumpa mwanawe jina la kitabuni, la Kizungu, mpaka watangazaji linawashinda. Mtandaoni wamemsema wee! Mimi nimekaa kimya, maana yamenikuta nyumbani, Kilwa Kivinje.

Dada yangu ana mimba ya miezi minane. Kasema akipata wa kike anamwita Khaleesi. Bibi kusikia akauliza, "Kalishe? Kalishe nani, mbuzi?" Tulicheka mpaka machozi. Ila bibi mwenyewe hakucheka. Yeye anaitwa Somoe, na miaka yote alikuwa anasubiri kitukuu awe somo yake.

Sasa tuambiane ukweli. Khaleesi wala sio jina, ni cheo cha mke wa mtawala kwenye riwaya za George R.R. Martin. Kitabu cha kwanza kilitoka 1996, baadaye ikaja tamthilia. Huko Marekani na Uingereza wazazi kibao waliwapa mabinti jina hilo kipindi yule dada ni shujaa, anakomboa watumwa. Kufika 2019 tamthilia inaisha, shujaa kachoma mji mzima na watu wake! Na cheti cha kuzaliwa kishatoka. Mtoto akikua akauliza, utamjibu nini?

Sisemi majina ya vitabuni ni mabaya. Hata sisi tunayo. Shaaban Robert mwaka 1952 alitupa Adili na Nduguze. Adili ndiye mwema, nduguze wanaitwa Hasidi na Mwivu. Hapo hata kama hujafungua kitabu unajua umchague nani. Kina Adili nawajua mtaani. Hasidi sijawahi kukutana naye, labda wale wa kwenye komenti.

Kwa hiyo mzazi, soma stori mpaka mwisho. Halafu simama mlangoni magharibi uliite lile jina kwa sauti, kama unamwita mtoto arudi kutoka ufukweni. Bibi akishindwa kukusaidia kuita, fikiria tena. Jina unachagua wewe, anayelibeba ni mwingine.

Dada nimemwambia aandike Somoe kwenye cheti, Khaleesi libaki la Insta. Kaninunia tangu juzi.

Nyie mngemshauri nini?