Keki ya Ndizi Haigeuki Tunda

Imani moja iliyozaliwa kwenye majiko ya mjini sasa imepanda milima hadi Tukuyu, mji ambao migomba yake huanzia uani na kuishia barazani. Inadai hivi: ukiponda ndizi tatu zilizoiva, ukazikoroga na unga wa ngano, mayai, mafuta na sukari, ukamimina rojo kwenye vikombe vya karatasi na kuoka kwa mkono wako mwenyewe, basi umepika chakula cha afya. Mafini, kama zinavyoitwa, hupigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, hufungwa kwenye kikopo cha mwanafunzi, na mara nyingine hupelekwa kwa mgonjwa wa kisukari kama zawadi ya upendo. Zote hizo ni keki. Ni tamu, hakuna anayebisha, ila ni keki.

Hesabu yake haihitaji maabara. Mapishi ya kawaida ya mafini 12 hudai vikombe viwili vya unga mweupe, robo tatu ya kikombe cha sukari, nusu kikombe cha mafuta, mayai mawili na zile ndizi tatu. Sukari hiyo ina uzito wa gramu 150 hivi. Igawe kwa 12, kila keki inabeba gramu 12 na ushee, yaani vijiko vitatu vya chai. Ndizi nazo zigawe kwa 12, kila keki inapata robo ya ndizi. Mtoto anayetaka kula ndizi moja nzima kwa njia hii itabidi amalize keki nne, ameze na vijiko 12 vya sukari, na theluthi ya mafuta yote yaliyoingia kwenye bakuli. Keki moja ina kalori 240 hivi. Ndizi ya wastani, ikimenywa na kuliwa, ina 105.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kile kinachoitwa sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na iliyomo kwenye asali, sharubati na juisi. Mwongozo unataka sukari hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anapata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida kiwango cha kwanza ni gramu 50, cha pili ni 25. Keki mbili za asubuhi zimeshafikia kiwango cha pili kabla chai haijaguswa. Na ni nani katika wilaya hii ya Rungwe, kwenye mashamba ya chai na ng'ombe wa maziwa, anayekunywa chai bila kijiko?

Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo kwenye hesabu hiyo. Hapo ndipo hoja ya wapenda mafini inapovunjika: wanakopa sifa ya ndizi nzima na kuibandika kwenye kitu kilichobaki na robo yake.

Watetezi wakibanwa na sukari, hukimbilia asali. "Mimi siweki sukari, naweka asali ya Tabora." Asali ni nzuri, na ya Tabora imejijengea jina lake kwa haki. Lakini kijiko cha mezani cha asali kina uzito wa gramu 21 hivi, na karibu 17 kati ya hizo ni sukari. Kijiko hichohicho cha sukari ya kawaida kina gramu 12 au 13, kwa sababu chembe za sukari huacha nafasi katikati na asali haiachi. Anayebadilisha kijiko kwa kijiko ameongeza sukari huku akijipongeza kwa kuiacha. Wapo pia wanaojivunia sukari ya kahawia, kana kwamba ile ya viwanda vyetu inayouzwa kila duka la mtaani si ya rangi hiyohiyo tangu zamani.

Halafu kuna neno "nyumbani", ambalo limepewa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Ni kweli keki ya nyumbani haina vihifadhi vya kuifanya ikae rafuni miezi mitatu. Ni kweli pia kwamba mpishi anajua alichoweka. Lakini kujua ulichoweka hakupunguzi ulichoweka. Unga unatoka kwenye kinu kilekile kinachomlishia mwoka mikate wa mjini, na mafuta yanatoka kwenye dumu lilelile. Kama kuna jambo la afya kwenye unga huo mweupe, limeongezwa kiwandani: tangu 2011 kanuni za Tanzania zinawataka wasagaji wa viwandani kuongeza madini ya chuma, zinki na vitamini kama foliki kwenye unga wa ngano, na watengenezaji wa mafuta kuongeza vitamini A. Aliyeweka sufuria kwenye jiko la mkaa, akapalia makaa juu ya mfuniko na kukaa nayo nusu saa huku macho yakimwasha kwa moshi, amefanya kazi ya kuheshimiwa. Ila makaa hayachomi sukari ikaisha.

Lakini linalokera zaidi ni kwamba haya yanasemwa Tukuyu.

Huku mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, chini ya Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 na udongo wa volkano usiochoka upesi. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita nchi hii mwaka 1879, alistaajabia vijiji safi vilivyozungukwa na migomba. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walipokaa na Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, walikuta nyumba na mgomba bado ni kitu kimoja. Leo anayepita barabara ya Uyole kwenda Kyela hukuta mikungu imepangwa Kiwira ikisubiri malori ya kwenda Mbeya mjini, Dar es Salaam na kwingineko. Ndizi ilikuwa chakula hapa kabla ya Wajerumani kujenga boma lao na kuliita Neu-Langenburg, na wakati wote huo hakuna aliyehitaji kikombe cha karatasi ili iitwe ya afya.

Mbalaga ndiyo mfano ulio karibu: ndizi za kupika ambazo pande zote mbili za Mto Songwe, kwa Wanyakyusa na kwa Wangonde wa Karonga nchini Malawi, huliwa kwa maharage, nyama au maziwa. Ndizi mbichi sehemu kubwa yake ni wanga; ukiondoa maji, asilimia 70 hadi 80 ya kinachobaki ni wanga, na sehemu ya wanga huo humeng'enywa polepole. Ndizi ikiiva hadi ngozi ikapiga weusi, karibu wote umeshageuka sukari. Sasa weka kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa kando ya ndizi hizo, yawe ya njano au yoyote yanayouzwa soko la Tukuyu. Kikombe hicho peke yake kina karibu gramu 15 za protini na gramu 15 za nyuzinyuzi. Mafini moja ina nyuzinyuzi gramu moja na kidogo. Mwenye kutaka kuzifikia nyuzinyuzi za maharage yale kwa mafini atakula kumi na bado atapungukiwa.

Bado sahani ile inaitwa chakula cha shamba, na keki inaitwa lishe. Mtoto anapelekwa shule na kitafunwa cha ngano iliyovuka bahari, maana Tanzania inahitaji takriban tani milioni moja za ngano kwa mwaka na inayolimwa nchini ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza 2022 bei ya unga ilipanda hadi kwenye vibanda vya maandazi. Mkungu uliokuwa nyuma ya nyumba haukuwa na habari na vita hivyo. Lishe inayomtegemea mwenye meli ili robo ya ndizi ya Kiwira ifike mdomoni kwa mtoto wa Kiwira ni lishe ya ajabu.

Mapishi yenyewe nayo si ya huku. Mkate mtamu wa ndizi ulishika kasi Marekani miaka ya 1930, wakati wa mdororo wa uchumi, pale beking pauda ilipokuwa imeenea majikoni na kutupa ndizi zilizoiva kupita kiasi kulikuwa hasara. Ulikuwa ujanja wa kuokoa chakula, na kwa kazi hiyo ulifaa sana. Majirani wa Malawi walikuwa na jibu lao kwa tatizo hilohilo: zitumbuwa, ndizi zilizoiva zikapondwa na unga wa mahindi na kukaangwa. Nazo zina mafuta yake, lakini wanaozikaanga barabarani wanaziuza kama vitumbua vya kushibisha. Hakuna anayekuambia zitakutibu.

Hapa lazima haki itendeke kwa waokaji. Ndizi za aina ya Malindi na ya kisukari huiva kwa mkupuo, na zikishapiga weusi mnunuzi wa jumla hazitaki. Mama anayeziokoa kwa kuzioka na kuziuza stendi anafanya biashara ya akili, na keki yake ya siku ya kuzaliwa haina kesi yoyote. Kesi ipo kwenye kibandiko. Anayeinunua kama keki atakula moja na kuridhika, lakini akiambiwa ni chakula cha afya atakula tatu na kumpa mtoto mbili, na mwenye kisukari ataiingiza ndani kwa amani ya moyo.

Kama nia ni kuiboresha kweli, viungo vyake viko Rungwe. Ndizi iliyopiga weusi imeshafanya kazi ya sukari. Kuimwagia robo tatu ya kikombe juu yake ni kutoiamini. Ziwe ndizi tano badala ya tatu, na sukari ishuke hadi gramu 50, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila keki. Nusu ya unga mweupe iwe unga wa ulezi, wenye kalsiamu nyingi kuliko ngano na mahindi. Isizidi nusu, kwa sababu ulezi hauna utando wa kushikamanisha na keki itamomonyoka mkononi. Mafuta yaondoke, na badala yake iingie nusu kikombe ya parachichi lililopondwa, si lazima liwe lile linalosafirishwa nje, hata lile la kienyeji linaloanguka mvua ikinyesha linatosha. Nusu kikombe ya mafuta ina kalori zaidi ya 900, ya parachichi haifiki 200.

Kitakachotoka ni kizito zaidi, rangi yake ya ndani inaelekea ukijani, na watoto waliozoea ile ya kwanza watanuna siku mbili tatu. Kila keki itakuwa na kalori 160 hivi, na ndani yake kutakuwa na karibu nusu ya ndizi. Hata hivyo mgonjwa wa kisukari bado ataihesabu pamoja na wanga mwingine wa mlo wake, na muuzaji anayetaka kuandika neno "afya" juu ya kikopo aandike pia, kwa maandishi ya ukubwa uleule, gramu za sukari alizoweka kwenye kila keki.